Shahidi Aliyekuwa Jikoni

Mwishoni mwa Mei 1806, mjini Richmond katika jimbo la Virginia, watu watatu wa nyumba moja waliugua kwa pamoja baada ya kifungua kinywa. Mmoja alikuwa mwenye nyumba, George Wythe, jaji mzee aliyeheshimiwa kuliko wanasheria karibu wote wa jimbo lile. Wa pili alikuwa Michael Brown, kijana huru mwenye asili ya Kiafrika, ambaye Wythe alikuwa akimsomesha. Wa tatu alikuwa Lydia Broadnax, mpishi na msimamizi wa nyumba, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa wa Wythe hadi alipoachwa huru mwaka 1787. Michael alifariki tarehe 1 Juni. Wythe alifuata tarehe 8 Juni. Lydia alipona, lakini macho yake hayakurudi kuwa kama zamani.

Aliyeshukiwa ni mjukuu wa dada yake Wythe, George Wythe Sweeney, kijana aliyeishi humo ndani na ambaye jina lake lilikuwa kwenye wosia. Alikuwa pia ameghushi hundi za mzee. Masimulizi yaliyobaki yanasema Lydia alimwona asubuhi ile karibu na birika la kahawa, akatupa karatasi motoni. Wythe aliishi siku za kutosha kumfuta kwenye wosia. Septemba mwaka huohuo Sweeney alishtakiwa kwa mauaji, na akaachiwa.

Nisitie chumvi: madaktari nao hawakuwa na uhakika, kwa kuwa wakati ule kuthibitisha aseniki mwilini kulikuwa kugumu. Lakini mtu aliyekuwa jikoni, aliyepika na kuona, na ambaye mwili wake mwenyewe ulikuwa ushahidi, hakuitwa. Sheria ya Virginia ilimkataza mtu mweusi, awe mtumwa au huru, kutoa ushahidi dhidi ya mzungu.

Nimekuwa nikiirudia kesi hii tangu nianze shahada ya uzamili. Kinachonikalia kooni ni aina ya mtu aliyekufa. Wythe alitia sahihi Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Mwaka 1779 akawa profesa wa kwanza wa sheria katika nchi ile, kwenye Chuo cha William & Mary. Alimfundisha Thomas Jefferson. Alimfundisha John Marshall, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa na maktaba ambayo wanafunzi wake waliisimulia, na alipokufa vitabu vyake vilikwenda kwa Jefferson kwa mujibu wa wosia. Alichukia utumwa na aliwaachia huru baadhi ya watu aliowamiliki. Huyu ndiye ambaye sheria, baada ya yeye kuitumikia takriban miaka 60, ilishindwa kumsikiliza shahidi wa kifo chake.

Swali langu ni la vitabu. Wakili wa koloni aliyejaza rafu zake vitabu vya sheria ya Kiingereza alikuwa amejaza nini hasa? Zana, ambazo zinaweza kushikwa na mkono wowote? Au sumu nyingine, iliyonywewa polepole zaidi?

Tuviangalie kwanza vyenyewe. Maktaba ya wakili wa makoloni ya Marekani ilisimama juu ya waandishi wachache. Mkubwa wao alikuwa Edward Coke, jaji wa Kiingereza ambaye sehemu ya kwanza ya Institutes zake ilitoka mwaka 1628. Hiyo ni maelezo marefu juu ya kitabu cha zamani zaidi cha Littleton kuhusu umiliki wa ardhi. Anayejua vitabu vya sharhe vya madrasa, ambamo matini hukaa katikati na maelezo kuizunguka kila upande, atautambua mpangilio wake mara moja. Ni kitabu kigumu. Jefferson alipokuwa kijana wa miaka 19, akikisoma chini ya Wythe, alimlalamikia rafiki yake kwa barua kwamba Coke ni mzee mchoshi asiyevumilika. Uzeeni akamsifu kama mwalimu wa kweli wa uhuru.

Sifa ile ilikuwa na sababu. Sehemu ya pili ya Institutes, iliyochapwa mwaka 1642 baada ya Coke kufariki, inaifafanua Magna Carta. Humo ndimo walowezi wa Marekani walipojifunza kusema kwamba hata mfalme yuko chini ya sheria na kwamba mtu huru hafungwi bila hukumu. Miaka zaidi ya 100 baadaye waliyatupa maneno hayo usoni mwa mfalme yuleyule ambaye sheria ilitolewa kwa jina lake.

Lakini Coke huyohuyo, akiripoti kesi ya Calvin ya mwaka 1608, aliandika kwamba wasio Wakristo wote ni maadui wa kudumu mbele ya sheria. Akaendelea: mfalme Mkristo akiiteka nchi ya Wakristo, sheria zake zinabaki mpaka azibadilishe, akiiteka nchi ya wasio Wakristo, sheria zao zinakufa papo hapo. Kalamu moja, wino mmoja. Mwaka 1774 Lord Mansfield aliukataa mgawanyo huo mahakamani na kuuita upuuzi, lakini kwa zaidi ya karne moja na nusu ulikuwa umekaa kwenye rafu, ukiwa na heshima yote ya jina la mwandishi wake.

Kisha kuna William Blackstone, ambaye juzuu 4 za Commentaries zake zilitoka Oxford kati ya 1765 na 1769. Hizi ndizo zilizomfanya wakili wa kijijini ajione msomi, kwa sababu zinasomeka. Katika toleo la kwanza Blackstone aliandika kwamba mtumwa anapokanyaga ardhi ya Uingereza anakuwa mtu huru. Katika matoleo yaliyofuata akaongeza maneno ya kujihami: huenda haki ya bwana juu ya utumishi wake ikaendelea. Nikilinganisha matoleo hayo, napata hisia ya kumtazama mtu akifungua mlango, kisha akageuka nyuma kuangalia nani anamwona, kisha akaurudisha nusu.

Wanafunzi wenzangu wana majibu mawili kwa vitabu vya namna hii. Jibu la kwanza ni la zana. Kisu hakina kosa, wanasema. Kinakata kitunguu na kinaua mtu, kosa ni la mshikaji. Na kweli ipo mifano. Mwaka 1656, huko Virginia, mwanamke aitwaye Elizabeth Key alipata uhuru wake mahakamani. Mama yake alikuwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa, baba yake Mwingereza. Hoja yake ilitoka moja kwa moja kwenye sheria ya Kiingereza: mtoto hufuata hadhi ya baba. Baba yangu alikuwa huru, kwa hiyo mimi ni huru. Alishika kisu cha wenyewe na kukata kamba yake.

Ila tazama kilichofuata. Mwaka 1662 bunge la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto afuate hadhi ya mama. Ufunguo ulipofungua, wenye nyumba walibadilisha kufuli. Tangu siku hiyo mzungu aliyezaa na mtumwa wake aliongeza mali badala ya kuongeza ukoo. Mfano wa kisu haufiki hapa. Kisu hakiwezi kubadilishwa makali kila kinapomkata mwenye nacho. Sheria inaweza, na wanaoweza kuibadilisha ni walewale kila mara.

Jibu la pili ni la sumu: vitupwe. Vitabu vilivyoandikwa na watu waliotuona maadui wa kudumu havina la kutufundisha. Nina huruma na jibu hili kuliko la kwanza, lakini linanisumbua kwa upande mwingine. Mwaka 1770 Jefferson, akiwa wakili kijana, alimtetea Samuel Howell, mtu aliyefungwa utumishini kwa sababu ya asili ya bibi yake. Jefferson alisimama mbele ya mahakama akasema kwamba kwa sheria ya maumbile watu wote huzaliwa huru. Wakili wa upande wa pili, aliyekuwa akimtetea mmiliki, alikuwa Wythe mwenyewe. Hakuhitaji hata kusema. Mahakama ilimkatiza Jefferson na kumpa ushindi mmiliki.

Miaka 36 baadaye Wythe, sasa akiwa jaji, aliletewa kesi ya Jackey Wright na ndugu zake, waliodai uhuru dhidi ya mtu aitwaye Hudgins aliyetaka kuwatoa nje ya jimbo. Wythe akawapa uhuru, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba uhuru ni haki ya kuzaliwa ya kila binadamu, kama lilivyosema Tamko la Haki la Virginia la 1776. Ukimtupa Coke na rafu yake yote, unaitupa pia njia ambayo ndani ya akili ya mtu mmoja ilichukua miaka 36 kutoka upande wa mmiliki hadi upande wa Jackey Wright.

Tena usidhani kisa kinaishia hapo kwa furaha. Rufaa ilisikilizwa Novemba 1806, Wythe akiwa kaburini miezi mitano. Majaji waliwaacha Wright na ndugu zake huru, lakini wakaikataa sababu ya Wythe. Walisema Tamko la Haki halikuandikwa kwa ajili ya weusi. Wakaweka kanuni: anayeonekana mzungu au Mhindi Mwekundu ahesabiwe huru hadi ithibitishwe vingine, na anayeonekana mweusi ahesabiwe mtumwa hadi athibitishe vingine. Jackey Wright aliokoka kwa sura yake. Mtu mweusi tititi aliyesimama nyuma yake kwenye foleni aliachiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye ni mtu.

Ndiyo maana nimeanza kuamini kwamba majibu yote mawili yanaliangalia swali kupitia dirisha lisilo lake. Wanaovitetea na wanaovikataa vitabu hivi wanabishana juu ya kilichoandikwa kuhusu uhuru. Mimi naona jambo la kimaadili liko sehemu ambayo mara nyingi tunairuka, kwenye kurasa kavu za ushahidi. Nani anaweza kusema mbele ya sheria na kauli yake ikahesabika? Unaweza kuwa na katiba inayomtaja kila binadamu, na kanuni moja ndogo ya ushahidi ikaifuta yote. Lydia Broadnax alikuwa huru kwa karatasi. Alikuwa na mshahara, na jina lake lilikuwa kwenye wosia wa jaji. Alichokosa ni kuaminika. Mtu huru asiyeweza kushuhudia anaweza kuuawa mchana mbele ya jamaa zake wote, na bado kisheria kusiwe na aliyeona.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuisomi habari hii tukiwa watazamaji. Rafu ileile ililetwa kwetu kwa meli. Sheria ya Kenya bado inataja sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na ya Tanzania inataja tarehe 22 Julai 1920. Mwanafunzi wa sheria wa Nairobi au Dar es Salaam anajifunza tarehe hizo kwa kichwa, kama vile siku za kuzaliwa za mtoto asiyemjua. Mwaka 1955, katika kesi iliyohusu ushuru wa daraja la Nyali pale Mombasa, Jaji Denning wa London alisema sheria ya Kiingereza ni kama mti wa mwaloni: ukiuhamishia Afrika utastawi, lakini utahitaji kutunzwa kwa namna nyingine. Ni mfano mzuri. Hausemi ni shamba la nani lililofyekwa ili mwaloni upandwe.

Nikitafuta ndugu wa Lydia Broadnax huku kwetu, nampata mwanamke wa kesi ya Amkeyo ya mwaka 1917, katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Amkeyo alishtakiwa kuwa na mali ya wizi, na mke wake, aliyeolewa kimila, akatakiwa atoe ushahidi dhidi yake. Kanuni ya ushahidi ililinda siri za mume na mke. Jaji Mkuu Hamilton akaamua kwamba kinga hiyo haiwahusu hawa, kwa kuwa ndoa ya kimila ni ununuzi wa mke tu na haistahili kuitwa ndoa kwa maana ya watu waliostaarabika. Basi ushahidi ukapokewa.

Waweke wanawake hawa wawili upande kwa upande. Wa Richmond alitaka kusema, akanyamazishwa. Wa Kenya alikuwa na haki ya kunyamaza, ikaonekana hana. Ukiwasoma mmoja mmoja unaweza kudhani hizi ni kanuni zinazopingana. Ukiwasoma pamoja unaona ni kanuni moja: kauli yako ni ya mahakama kuichukua inapoihitaji na kuiacha inapoikera. Wahenga walisema kesi ya nyani, hakimu ngedere. Methali hiyo tunaisemea upendeleo wa hakimu, lakini ina jambo la ndani zaidi. Katika kesi ile nyani yupo na ngedere yupo. Mwenye shamba lililoliwa mahindi hatajwi kabisa.

Wala lugha yetu isijitoe lawamani. Muungwana leo ni mtu mwenye adabu, na tunapenda kusema uungwana ni vitendo. Zamani pwani neno hilo lilitofautisha aliyezaliwa huru na mtumwa, na uungwana haukuwa vitendo hata kidogo, ulikuwa ukoo. Tumelifanyia neno hili yale ambayo Jackey Wright alitaka yafanyiwe Tamko la Haki: tumelitoa kwenye damu tukalipeleka kwenye mwenendo. Nalichukua hilo kama uthibitisho kwamba neno la wamiliki linaweza kugeuzwa. Nalichukua pia kama onyo, kwa sababu tumeligeuza mpaka wengi hatukumbuki tena lilikuwa likimfungia nani nje.

Shangazi yangu mmoja aliwahi kuwa na kesi ya kiwanja katika mahakama fulani ya wilaya. Alijieleza kwa Kiswahili, kirefu, kwa mifano, na majina ya majirani walioshuhudia mipaka ikipandwa minyaa. Hakimu aliandika kwa Kiingereza. Hukumu ikasomwa kwa Kiingereza. Alipotoka nje alimshika wakili mkono akamuuliza, “Mwanangu, nimeshinda au nimeshindwa?” Alikuwa ameshinda. Nyumbani nilipoisoma ile hukumu, maelezo yake ya nusu saa yalikuwa sentensi mbili, na minyaa haikuwemo. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kuna mawakili wanaolalamika kwamba vitabu vyote viko kwa Kiingereza, na wanasema kweli. Ila shangazi naye alikuwa akisema kweli, na ukweli wake ndio uliokuwa wa kwanza kufika mahakamani.

Kwa hiyo nikiulizwa vitabu vya Coke na Blackstone tuvifanyie nini, jibu langu ni kwamba tuvisome, lakini tuvisome tukiuliza swali ambalo havikuandikwa kulijibu. Jefferson aliuza maktaba yake kwa Bunge la Marekani mwaka 1815, vitabu 6,487 kwa dola 23,950, na mkesha wa Krismasi wa 1851 moto ukateketeza takriban theluthi mbili. Maktaba ya sheria ya William & Mary, kwa upande wake, imekuwa ikikusanya upya nakala za matoleo aliyokuwa nayo Wythe, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya heshima na siibezi. Juzuu za Coke zinapatikana kwenye mnada. Maneno ambayo Lydia Broadnax angeyasema Septemba 1806 hayapo kwenye mnada wowote. Kilichobaki kwa mkono wake ni barua ya mwaka 1807 aliyomwandikia Jefferson, akiwa Rais, kuomba msaada kwa sababu macho hayamruhusu tena kufanya kazi. Jefferson, mtu aliyewamiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake, alimtumia fedha.

Wapo watakaosema nadai mengi mno kwa Wythe, kwamba mtu mmoja hawezi kuipindua sheria ya jimbo zima. Sidai hivyo. Alifanya zaidi ya wengi wa rika lake, na nadhani alikuwa mtu mwema. Ninachosema ni kwamba wema wake ulikuwa na ramani. Ulifika kwenye karatasi ya uhuru, kwenye wosia, kwenye masomo ya Michael Brown, hata kwenye hukumu ya Jackey Wright. Haukufika kwenye kanuni ya ushahidi, labda kwa sababu kanuni ile haikuwa imewahi kumgharimu yeye. Wema wa msomi mara nyingi huishia pale ambapo kusikilizwa kwake mwenyewe hakujawahi kutiliwa shaka.

Nasema hivi kama mtu anayesoma ili siku moja awe miongoni mwa wanaoandika sentensi mbili kutoka kwenye nusu saa ya mtu mwingine. Siku hizi ninapofungua hukumu yoyote, ya Richmond au ya Kisumu, ya 1806 au ya mwaka jana, siendi kwanza kwenye uamuzi. Naangalia ni nani waliitwa, walisema kwa lugha gani, na ni nani ambaye kwa mantiki ya tukio alipaswa kuwepo lakini jina lake halimo. Hapo ndipo ninapoanzia kusoma.